«-ite» kwenye karatasi ya munganga

Hapa Lubumbashi karatasi za hospitali huandikwa Kifaransa, na majina mengi ya magonjwa huishia na -ite: gastrite, bronchite, otite, cystite. Mwisho huo ni wa Kigiriki, na msemaji wa Kiswahili anaweza kuuelewa upesi kuliko Mfaransa.

Wagiriki wa kale waliita ugonjwa nosos, nomino ya jinsia ya kike katika sarufi yao. Wakitaka kusema ugonjwa wa figo, walichukua nephros, figo, wakaitia mwisho wa kike unaofuatana na nosos: nephritis nosos. Baadaye nosos ikaachwa, nephritis ikabaki peke yake. Kumbe -itis ilifanya kazi ya ile «wa» ya «ugonjwa wa figo». Haikusema lolote juu ya uvimbe.

Na kama sisi tunavyosema ugonjwa wa lakini jiwe la, wao pia walibadilisha. Jiwe ni lithos, kwa kawaida la kiume, kwa hiyo jiwe la damu likawa haimatites lithos. Kifaransa kikafuta tofauti hiyo, vyote viwili vikawa -ite. Ndiyo sababu hématite, madini ya chuma ambayo ukiyasaga hutoa unga mwekundu, yana mkia mmoja na hépatite, ugonjwa wa ini. Malachite yetu, jiwe la kijani lenye shaba, nayo imo humo: jina lake linatokana na molokhe, mmea ambao majani yake yana rangi hiyo. Katika mji wa shaba kama huu, ni vizuri kujua kwamba si kila -ite ni ya kupeleka hospitali.

Kwa upande wa magonjwa, maana ilipungua upana. Madaktari wa karne za karibuni waliifunga -ite kwa hali moja: sehemu ya mwili inayowaka. Dalili zake nne ziliandikwa na Mroma Celsus katika karne ya kwanza: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Basi otite ni sikio (ous, otos), hépatite ni ini (hepar), méningite ni utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo (meninx). Appendicite, ya kidole tumbo, ni chotara, kichwa Kilatini na mkia Kigiriki. Ilitungwa na Reginald Fitz, daktari wa Boston, mwaka 1886.

Neno hilo linataja mahali na hali, basi. Chanzo halikitaji, na hapo ndipo watu wengi hupotea: wakisikia -ite wanakimbilia duka la dawa kununua antibiotiki. Hépatite inaweza kuletwa na virusi, pombe, hata dawa zenyewe. Bronchite, ya njia za hewa za mapafu, mara nyingi ni ya virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kwa hiyo ukiambiwa una hépatite, swali la kumuuliza munganga ni: imeletwa na nini?

Angalia pia herufi za mwisho kabla ya kuazima dawa ya jirani. Arthrite ni kiungo kinachowaka. Arthrose, yenye mwisho mwingine wa Kigiriki, -osis, ni gegedu (ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa) la kiungo lililochakaa, kama goti la mzee ambalo huuma akitembea na kutulia akiketi.