Losheni ya Jua kwa Uso Wenye Chunusi: Yanayosemwa Sokoni na Ukweli Wake

Septemba iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu wa miaka kumi na tisa hadi soko la Mwanga, mjini Kigoma, kutafuta losheni ya kukinga jua. Uso wake ni mwepesi kuwasha, una chunusi zinazokuja na kuondoka, na kila moja ikipona humwachia doa jeusi linalokaa kwa miezi. Muuzaji wa vipodozi alimtazama kwa huruma, akamwambia, "Mdogo wangu, hiyo ni ya wazungu na maalbino. Wewe paka mise tu, au chukua hii inayong'arisha." Mise ni mafuta ya mbegu za mchikichi. Kwa maneno hayo machache yule dada alikuwa amekusanya karibu dhana zote ambazo nimekuwa nikizisikia kwa miaka mingi, na kwa kuwa hakusema kwa nia mbaya, naona inafaa zijibiwe kwa utulivu.

Dhana: Ngozi nyeusi haihitaji kinga ya jua

Dhana hii ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana haifi. Melanini iliyo katika ngozi nyeusi huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno (UV), ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Vipimo vya maabara vya miaka ya 1970 viliikadiria kinga hiyo kuwa sawa na SPF (namba ya kiwango cha kinga inayoandikwa kwenye losheni za jua) ya takriban 13, ilhali ya ngozi nyeupe ilikuwa kati ya 3 na 4. Kwa sababu hiyo saratani ya ngozi itokanayo na jua ni adimu zaidi kwa watu weusi. Hata hivyo, SPF hupima hasa kinga dhidi ya UVB, yaani miale inayobabua ngozi. Haisemi mengi kuhusu UVA, inayozama ndani zaidi, wala kuhusu mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, na vyote viwili huzichochea seli zinazotengeneza rangi ya ngozi.

Kwa mwenye chunusi, hapo ndipo penye mzigo. Chunusi ni uvimbe; uvimbe huziamsha seli hizo, nazo humwaga melanini pale pale kipele kilipokuwa, na kwa ngozi nyeusi melanini hiyo ni nyingi. Doa linalobaki, likipigwa na jua kila siku, huzidi kukolea badala ya kufifia. Nimewaona watu wakimaliza fedha kwa krimu za kuondoa madoa usiku, kisha asubuhi wanatoka na uso mtupu kwenda kuyakoleza yale yale.

Na jua lenyewe la kwetu si la mchezo. Kigoma na Tabora ziko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na katika miezi mingine haliendi mbali sana. Tabora ina nyongeza yake: iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, wakati uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 770, na kwa kila mita 1,000 unazopanda miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Katika kipimo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, 11 na kuendelea ni kiwango cha juu kabisa cha hatari, na saa sita ya mchana isiyo na mawingu katika ukanda huu hukifikia bila taabu.

Dhana: Losheni ya jua ni ya watu wenye ualbino peke yao

Wao wanaihitaji kuliko mtu mwingine yeyote, kwa maana kwao suala ni saratani, si madoa. Kilisun, losheni inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, ilibuniwa kwa ajili yao na hugawiwa kwao bure. Ukiiona inauzwa mtaani usiinunue, kwa sababu kuna mtu aliyekosa mgao wake. Lakini kusema kwamba kinga ya jua kwa ujumla ni yao peke yao ni sawa na kusema mwavuli ni wa wagonjwa.

Dhana: Mise, mawese au mafuta ya nazi yanatosha

Katika mkoa wa michikichi dhana hii ina mizizi mirefu. Sina ugomvi na mawese. Maharage yasiyo na mawese kwetu ni maharage ya kuazima. Lakini wekundu wake, unaotokana na karotini, hauyafanyi kuwa kinga ya uso, na mafuta ya mimea kwa jumla, yakiwemo ya nazi, yakipimwa huonyesha kinga ndogo sana, ya tarakimu moja. Mise yana asidi ya lauriki kwa wingi kama nazi, na mafuta mazito ya aina hiyo ni yale yale ambayo watu wengi wenye chunusi huyalalamikia kwamba yanaziba vinyweleo. Yapake viwikoni na visiginoni, huko yanafanya kazi nzuri. Kuna pia wanaochanganya unga wa zinki na mafuta nyumbani ili watengeneze losheni yao wenyewe. Unga huo hujikusanya mabonge, ngozi ikabaki na mabaka yaliyokingwa na mengine yaliyo wazi, na hakuna anayeweza kujua kwa macho ni yapi.

Dhana: Losheni yoyote ya jua huleta chunusi

Wengi wanaosema hivi hawasemi uongo: walijaribu, wakatokwa na vipele. Kosa lao ni kukilaumu kitu kisichohusika. Mara nyingi kinacholeta shida si kile kiambato kinachozuia miale, bali ni mafuta na nta zilizokibeba, hasa katika losheni za mwili zilizotengenezwa ili zistahimili maji ufukweni. Wakati mwingine ni manukato. Wakati mwingine ni vipele vya joto tu, vinavyomtoka mtu yeyote aliyefunikwa kitu kizito kwenye jasho la Oktoba. Na mara nyingi kuliko watu wanavyokubali, ni losheni iliyolala usoni usiku kucha kwa sababu mtu aliosha uso kwa maji matupu, ambayo hayaiondoi. Sabuni laini ya uso, mara moja jioni, inatosha.

Kwa uso wa aina hii tafuta jeli au losheni nyepesi, si krimu nzito ya kopo. Maneno "non-comedogenic" kwenye kifungashio humaanisha kwamba mtengenezaji anadai haizibi vinyweleo. Yachukue kama dokezo, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja cha lazima kinachosimamia dai hilo. Kwa ngozi inayowasha haraka, kiambato chenye rekodi nzuri zaidi ni oksidi ya zinki, ambayo kwenye orodha ya viambato huandikwa "zinc oxide". Oksibenzoni ni miongoni mwa vichujio vya jua vinavyolaumiwa zaidi kwa mzio, basi aliyewahi kuwashwa na losheni ya jua aikwepe kwanza. Neno "parfum" au "fragrance" kwenye orodha hiyo ni sababu tosha ya kurudisha tyubu mezani, nayo maandishi "unscented" yasikudanganye, kwani bidhaa hiyo inaweza kuwa na manukato yaliyowekwa ili kuficha harufu nyingine.

Zinki ina aibu yake: huacha weupe, na kwenye ngozi nyeusi uso huonekana kama umepakwa majivu. Zipo zilizotiwa rangi ya kahawia kwa oksidi za chuma, na hizi zina faida ya ziada kwa wenye madoa, kwa sababu ndizo zinazozuia vizuri ule mwanga unaoonekana ambao losheni nyeupe nyingi huupitisha. Kupata rangi inayolingana na uso wa Mmanyema au Muha ni kazi nyingine. Ukikosa, losheni isiyoacha weupe, isiyo na manukato, ambayo utaipaka kila siku, ni bora kuliko ya zinki utakayoionea haya na kuiacha kabatini.

Nyongeza kwa wanaotibiwa chunusi: tretinoini, benzoili peroksaidi na vidonge vya doksisaiklini vinaweza kuifanya ngozi ibabuke au iwashe kwa urahisi zaidi ikipigwa na jua. Kwa mtu huyo losheni ya jua ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Dhana: SPF 100 inakinga mara mbili ya SPF 50

Hesabu haiendi hivyo. SPF 15 huzuia takriban asilimia 93 ya UVB, 30 huzuia 97, na 50 huzuia 98. Juu ya hapo tofauti ni chembe, na hakuna inayofikia 100. Kwa fedha ya kawaida, 30 au 50 yenye maneno "broad spectrum", yanayomaanisha kwamba inakinga UVA pia, ndiyo ya kununua. Bidhaa za Asia huonyesha kinga ya UVA kwa herufi PA zikifuatiwa na alama za kujumlisha, na kadiri alama zinavyozidi ndivyo kinga inavyozidi.

Linaloamua zaidi ni kiasi. Namba ya SPF hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi, na watu wengi hupaka robo au nusu ya hicho. Nilimwambia mpwa wangu anyooshe kidole cha shahada na cha kati, akamue mistari miwili ya losheni kutoka shina hadi ncha ya kila kidole: hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Alishtuka. Yeye alizoea tone la ukubwa wa punje ya mahindi.

Dhana: Ya bei ghali ndiyo salama

Bei hubeba nembo, kifungashio, usafiri na harufu nzuri ambayo wewe hasa huitaki. SPF 30 iliyopimwa ipasavyo ni SPF 30 katika tyubu ya bei yoyote. Namna ya haki ya kulinganisha ni kuhesabu bei ya siku moja. Uso peke yake unahitaji mililita 1.2 hivi, kwa hiyo tyubu ya mililita 50 inatoa mipako kama 40. Tuseme inauzwa shilingi 20,000: kila mpako ni shilingi 500. Nyingine ya mililita 100 ikiuzwa 24,000 inaonekana ghali mezani, kumbe kila mpako ni shilingi 300 tu. Anayekaa juani anapaswa kurudia kila baada ya saa mbili, kwa hiyo tofauti hiyo huongezeka haraka. Kofia pana na mwavuli hupunguza matumizi, na hapo ndipo ninapomshauri mwenye kipato kidogo aanzie, kwa sababu kofia hainunuliwi kila mwezi.

Nitakubali jambo moja: urahisi wa bei usitokane na bidhaa iliyoharibika. Pale Mwanga tulifungua tyubu moja iliyokuwa imepangwa mezani upande wa jua. Kwanza yalitoka maji ya manjano, kisha yakafuata mabonge kama uji uliokatika. Losheni iliyojitenga hivyo haipakiki sawasawa, na namba iliyoandikwa juu yake haina maana tena. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi, na ule mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa wenye maandishi kama 12M, unaoonyesha miezi ya kutumia baada ya kufungua. Nunua penye kivuli.

Dhana: Kukiwa na wingu, au ukiwa ndani, huihitaji

Wingu jepesi linaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya UVB lakini hupitisha UVA, kwa hiyo aliyekaa dirishani siku nzima katika basi la kutoka Tabora hadi Kigoma hajajificha kama anavyodhani.

Dhana: Krimu inayong'arisha huondoa madoa na kukinga jua kwa pamoja

Hapa sina upole. Mkorogo na krimu nyingi za kung'arisha zinazouzwa kimyakimya zimekutwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi, viambato ambavyo havitakiwi katika vipodozi nchini Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango. Steroidi hudanganya: huzima chunusi kwa wiki chache, uso ukawa laini na watu wakakusifia, halafu chunusi hurudi kwa kishindo ikiwa ngozi imekwisha kuwa nyembamba na kupoteza sehemu ya kinga yake ya asili. Kuandikwa SPF kwenye kopo la namna hiyo hakubadilishi kilichomo ndani.

Mpwa wangu alinunua katika duka la dawa, jeli ya SPF 50 isiyo na manukato. Aliipaka kwanza kando ya taya la kushoto kwa siku saba, kwa kuwa muwasho hujitokeza mapema, kisha usoni kote huku akijichunguza kwa wiki nne zaidi, kwa kuwa kinyweleo kilichoziba huchukua wiki kadhaa kuwa chunusi. Tangu aanze kuipaka usoni kote, tyubu ya mililita 50 iliisha siku ya 38. Rafiki yake wa chuo ana tyubu kama hiyo hiyo, ambayo humkalia miezi minane, naye bado anasema losheni ya jua haifanyi kazi.