Surua hutangulia vipele: maswali ya akina mama wa Kisumu

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto hapa Kisumu. Maswali haya huulizwa kwenye benchi, mtoto akiwa mapajani na mama akisubiri kuitwa, kwa hiyo majibu huwa ya haraka mno. Leo nayajibu kwa nafasi.

Sista, mtoto alianza na homa tukadhani ni malaria. Surua nitaijuaje?

Huku kando ya ziwa kila homa hushukiwa kuwa malaria, na ni vizuri apimwe damu. Lakini mtazame pia macho na pua. Surua, ambayo wengine huiita ukambi na Wajaluo ang'iew, huanza kwa homa kali, kikohozi, kamasi, na macho mekundu yanayochuruzika machozi na kukwepa mwanga. Vipele huwa bado. Hutoka siku chache baadaye, nyuma ya masikio na usoni, kisha huteremka hadi miguuni. Kwenye ngozi nyeusi huenda usione wekundu. Mpapase, utahisi ngozi inakwaruza. Na kipimo kikionyesha malaria, usiiondoe surua akilini. Mtoto mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili.

Tulimtenga mara tu vipele vilipotoka. Mbona binamu zake wameugua?

Kwa sababu mtoto huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele, akaendelea hadi siku nne baada ya kutoka. Siku hizo za mwanzo, mnapodhani ni mafua tu, amebebwa mgongoni hadi soko la Kibuye, amepakatwa na shangazi, amepanda matatu iliyofungwa madirisha kwa sababu ya mvua. Virusi hivi hutoka kwa kikohozi na pumzi, na hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Wasio na kinga 10 wakikaa karibu naye, 9 huambukizwa. Kunawa mikono kunasaidia, ila hakuzuii kile mtoto anachovuta puani. Kinga ya kutegemewa ni chanjo.

Lakini alichanjwa akiwa na miezi 9!

Hongera, mama, ila bado dozi moja. Hili linaniumiza moyo kuliko yote. Hapa Kenya ya kwanza ni miezi 9 na ya pili ni miezi 18. Inayotolewa miezi 9 huwaacha watoto kama 15 katika kila 100 bila kinga. Wakipata zote mbili hubaki wachache sana. Miezi 9 mama bado ana mazoea ya kliniki. Ikifika 18, mtoto anakimbia uani, haumwi, mama amerudi kwenye biashara yake ya omena, na kile kitabu cha kliniki kimelala chini ya nguo sandukuni. Kitoe leo, ukisome. Kama miezi 18 ilishapita, mlete hivyo hivyo. Katika kituo cha serikali chanjo hii hailipiwi. Usikae nyumbani kwa kuogopa kugombezwa.

Nyanya yake amekataza asiogeshwe wala asile mayai.

Zungumza na nyanya kwa heshima, lakini mtoto aoge maji ya uvuguvugu na ale: mayai, samaki, uji, na ziwa la mama kila anapotaka. Macho yapanguswe kwa kitambaa safi na maji safi. Tafadhali msitie humo maji ya majani yoyote, kwa maana surua yenyewe inaweza kupofusha. Kituoni atapewa vitamini A, leo na tena kesho; hiyo hupunguza vifo na hulinda macho. Antibiotiki haiui virusi. Hutolewa akipata nimonia au sikio likitoa usaha.

Akihema haraka, akishindwa kunyonya au akipata degedege, msingoje asubuhi.

Akipona, yamekwisha?

Surua hairudi kwa kawaida. Lakini huudhoofisha mwili, na hufuta sehemu ya kinga aliyokuwa nayo dhidi ya magonjwa mengine. Miezi inayofuata, kikohozi au kuhara kidogo kusipuuzwe.

Nikishuku, nimlete vipi?

Piga simu kwanza kituoni, au mwambie mhudumu wa afya wa kijijini. Ukifika, sema langoni, "Nashuku surua." Usije kuketi kwenye benchi letu, maana pale kuna watoto wa miezi mitatu, minne, ambao umri wa chanjo haujawafikia. Tutakuonyesha pa kukaa nje, penye upepo, na tutakujia huko.