Nyasi za Uani Hazihitaji Sumu: Maelezo kwa Wanaoandaa Bustani ya Mboga

Kila mvua za Machi zinapokaribia, ofisi yetu ya ugani hapa Kampala hupokea wakazi wanaotaka kugeuza uwanja wa nyasi nyuma ya nyumba kuwa bustani ya mboga, na karibu wote huuliza wapige dawa gani. Hakuna dawa inayohitajika, wala kibarua wa kung'oa, kwa sababu nyasi za kawaida za uani, ikiwemo pasipalamu, hufa zikinyimwa mwanga.

Fyeka nyasi chini kabisa na uziache palepale. Mwagia maji, kisha tandika katoni kutoka dukani zilizobanduliwa utepe wa plastiki na pini, zipandane kwa upana wa kiganja, na uzilowanishe mpaka zilegee. Juu yake weka samadi iliyooza pamoja na mboji ya maganda ya matoke, kina cha sentimita 15 hivi, kwenye tuta lisilozidi upana wa mita moja ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Mbegu za dodo (yaani mchicha) na nakati, mboga nyingine ya majani, husiwa papo hapo. Kwa mche wa sukuma wiki, toboa katoni kwa kisu.

Ukifunua katoni baada ya siku kumi utaona mabua meupe kama nyuzi. Hayo hayajafa, na anayechungulia kila asubuhi anayarudishia mwanga, kisha analalamika kwetu kwamba njia haifai. Lumbugu, nyasi sugu inayotambaa chini ya udongo, kwa kweli ni adui mwingine: ncha za mizizi yake hutoboa katoni, kwa hiyo ing'olewe kwanza kwa jembe la meno na kuanikwa juani. Acha pia nafasi kati ya tuta na ukuta wa nyumba, kwani mchwa hupenda katoni.

Malalamiko mengi tunayopokea, hata hivyo, yanahusu mahali. Sheria ndogo ya Kampala ya mwaka 2006 kuhusu kilimo cha mjini hairuhusu kulima kwenye hifadhi ya barabara, ardhi oevu wala kandokando ya mitaro iliyo wazi, nayo haibagui shamba kubwa na tuta moja la mchicha. Kanuni za kitaifa za mwaka 2000 nazo zinahifadhi mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria, mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mito mingine. Ikumbukwe kwamba faini katika sheria zetu huhesabiwa kwa pointi za sarafu, na pointi moja ni shilingi 20,000, hivyo anayesoma "pointi mbili" asidhani ni shilingi mbili. Wapo wanaoamini kwamba aliyefagia ukanda ulio nje ya ua wake kwa miaka mingi ameumiliki. Hajaumiliki.

Maji ya mtaro yasitumike kumwagilia, hata yakionekana meusi na yenye rutuba, kwa kuwa hubeba kinyesi na metali nzito.

Mpangaji naye apate ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, si kwa simu, kabla ya kutandika katoni ya kwanza. Tumeshaitwa kusuluhisha ugomvi ambapo sukuma wiki iliyokaribia kuchumwa ilifukiwa na kupandwa nyasi upya.