Mlinganyo uliokataa kutulia

Kila Jumamosi nakaa na vijana wa kidato cha sita pale Sinza, tunapitia hisabati na fizikia. Wiki iliyopita mmoja aliniuliza: "Mwalimu, huku kutanuka kwa ulimwengu, ni nani aliyekuona kwanza?" Nikamjibu, "Mwanangu, aliyekujua kwanza hakukuona. Alikupigia hesabu." Muda ulikuwa umekwisha, na jibu lile halikustahili kuachwa fupi vile. Basi nalimalizia hapa.

Tuanze na lastiki, ule mpira wa kiunoni ambao mafundi cherehani hutia kwenye sketi. Niliununua Kariakoo. Nikauwekea alama tano kwa kalamu, kila moja sentimita 5 kutoka kwa mwenzake, na vijana wakazipa majina ya vituo vya Barabara ya Morogoro: Ubungo, Manzese, Magomeni, Jangwani, Fire. Wawili wakaushika huku na huku, wakavuta mpaka kila sentimita 5 zikawa 10. Sasa simama Ubungo utazame. Manzese imesogea sentimita 5. Magomeni ilikuwa 10, sasa iko 20, kwa hiyo imesogea 10. Fire ilikuwa 20, sasa iko 40, imesogea 20. Muda ni uleule kwa wote, kwa hiyo aliye mbali mara mbili amekukimbia kwa kasi mara mbili. Hamia Magomeni urudie hesabu: Ubungo na Fire zinakukimbia sawasawa, nawe utadhani ndiwe uliye katikati. Hakuna kituo kilicho kitovu, wala hakuna kilichotembea juu ya mpira. Mpira wenyewe ndio uliotanuka.

Modeli nzima iko hapo. Kipimo cha kutanuka tunakiandika kwa herufi moja, *a*. Tukisema leo *a* ni 1, basi ilikuwa nusu wakati umbali wote kati ya galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, ulipokuwa nusu ya huu wa leo. Kinachobaki ni kujua *a* inabadilika vipi muda unavyokwenda, na hapo ndipo watu wazito walipogongana.

Modeli za kihisabati za anga ni za kale. Ptolemy wa Alexandria, karne ya 2, alizungusha sayari kwa duara juu ya duara, na hesabu zake zilitegemewa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ila hizo zilihusu sayari. Mlinganyo wa kuushika ulimwengu mzima tuliupata baada ya Albert Einstein kukamilisha nadharia ya jumla ya uhusianifu, inayoeleza uvutano, mwaka 1915.

Mwaka 1917 Einstein aliutumia kwa ulimwengu wote. Yeye, kama wengi wa wakati wake, aliamini ulimwengu umetulia. Mlinganyo ukakataa: maada inavutana, hivyo haiwezi kukaa tu ilipo. Akaongeza kijenzi kimoja, lamda, kinachosukuma nje kiasi kilekile ambacho uvutano unavuta ndani. Kwenye karatasi, vitu vikatulia.

Pindua bakuli, kisha weka gololi juu kabisa ya mgongo wake. Ukiiweka kwa uangalifu sana itatulia, lakini iguse kidogo tu uone. Ulimwengu wa Einstein ulikuwa hivyo. Ukitanuka kidogo, maada inatawanyika na uvutano unapungua, lakini lamda haipungui. Msukumo unashinda, unatanuka zaidi. Ukisinyaa kidogo, uvutano ndio unaoshinda. Mwanaastronomia Mwingereza, Arthur Eddington, alilionyesha hili waziwazi mwaka 1930.

Kabla yake alikuwepo mwanahisabati Mrusi, Alexander Friedmann wa Petrograd, na huyu ndiye ninayemheshimu kuliko wote katika habari hii. Mwaka 1922 aliuliza swali ambalo Einstein hakuliuliza: kwa nini tuulazimishe mlinganyo utulie? Akaiacha *a* ibadilike, akapata ulimwengu unaotanuka daima na mwingine unaotanuka kisha ukasinyaa. Einstein akachapisha ujumbe mfupi kwamba hesabu ile ina kosa. Friedmann akamwandikia barua akimwonyesha hatua zake, na mwaka 1923 Einstein akakiri hadharani kwamba kosa lilikuwa lake. Hata hivyo, kwenye rasimu ya ujumbe huo wa pili alikuwa ameandika, kisha akafuta, maneno ya kwamba jawabu lile ni vigumu kulipa maana yoyote ya kifizikia. Hesabu aliikubali, ulimwengu wenyewe bado. Friedmann alifariki mwaka 1925 kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 37, bila kuona hata kipimo kimoja kikimuunga mkono.

Padri Mbelgiji, Georges Lemaître, alifika palepale kwa njia yake mwaka 1927, tena akauunganisha mlinganyo na kasi za galaksi zilizokwisha kupimwa. Mwaka 1929 mwanaastronomia Mmarekani, Edwin Hubble, akachapisha vipimo vyake: galaksi iliyo mbali zaidi inakimbia kasi zaidi, kama vituo vyetu kwenye lastiki.

Ila namba yake ilileta balaa. Alipata kama kilomita 500 kwa sekunde kwa kila megaparseki. Megaparseki ni kipimo cha umbali; moja ni kilomita 3.09 × 10¹⁹. Umbali ukiugawanya kwa kasi unapata muda, yaani tangu galaksi zilipokuwa pamoja. Gawanya kwa 500, utapata sekunde 6.2 × 10¹⁶, yaani takriban miaka bilioni 2. Kwa hesabu hiyo ya haraka, ulimwengu ungekuwa mdogo kiumri kuliko miamba ya Dunia! Kosa halikuwa kwenye mlinganyo, lilikuwa kwenye umbali. Mwaka 1952 mwanaastronomia Walter Baade alieleza kwamba nyota zilizotumika kama rula ni za aina mbili, na zilikuwa zimechanganywa. Leo namba hiyo iko karibu na 70. Rudia mgawanyo uleule: miaka bilioni 14.

Na lamda? Einstein aliiacha mapema miaka ya 1930. Mwaka 1998 makundi mawili ya wanaastronomia, yakipima nyota zilizolipuka mbali sana, yaligundua kwamba kutanuka kunaongezeka kasi. Lamda ikarudishwa, safari hii bila kazi ya kutuliza chochote, na sasa inahesabiwa kuwa karibu asilimia 70 ya vyote vilivyomo.

Siku hizi ubishi uko kwenye namba mbili za kasi hiyo ya kutanuka. Setilaiti ya Planck, iliyosoma mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ukiwa mchanga, inatoa takriban 67. Wanaopima nyota na galaksi za karibu wanapata 73 hivi. Nikikumbuka yaliyotokea kwa Hubble na Baade, nashuku kosa liko kwenye umbali tena, ingawa vipimo vya sasa vimekaguliwa mara nyingi kuliko vile vya 1929. Jumamosi hii vijana wataufanya mgawanyo wenyewe, mara moja kwa 67 na mara moja kwa 73, kisha waniambie tofauti ni miaka mingapi.