Kielezo cha uoto: namna setilaiti inavyopima ukijani

Kielezo cha uoto, au NDVI, ni namba inayoonyesha kipande cha ardhi kina majani mabichi kiasi gani. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na hurudisha angani sehemu kubwa ya infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Setilaiti hupima vyote viwili. Toa nyekundu kwenye infraredi, kisha gawanya kwa jumla ya vyote viwili.

Tuseme kichaka cha Itigi, mkoani Singida, mwezi Machi kinaakisi infraredi 0.40 (yaani asilimia 40 ya mwanga huo unaokifikia) na nyekundu 0.05. Gawanya 0.35 kwa 0.45, unapata 0.78. Agosti kichaka hichohicho kimepukutisha majani: infraredi 0.28, nyekundu 0.18, jibu 0.22. Hakuna mti uliokatwa.

Hapo ndipo ramani za Kanda ya Kati ya Tanzania huharibika. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ukiweka picha ya Machi kando ya ile ya Agosti, utatangaza ukataji usiokuwepo. Linganisha mwezi uleule, tena wa miaka ambayo mvua zake zinakaribiana. Hata hivyo picha moja ya Machi haitenganishi kichaka na shamba la uwele lililostawi, kwani kielezo kinajua ukijani tu, hakijui mmea. Fuata mwaka mzima: shamba hushuka ghafla likivunwa, misitu ya miombo huchipua hata kabla ya mvua, na zabibu za kumwagilia hubaki kijani wakati wa kiangazi.

Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure, pikseli yake, yaani kimraba kidogo kabisa cha picha, ni mita 10 kwa 10. Setilaiti za Landsat ni mita 30, lakini kumbukumbu zake za ukubwa huo zinaanzia miaka ya 1980, hivyo zinafaa sana kwa Kondoa, ambako mifugo iliondolewa mwaka 1979 ili ardhi iliyomomonyoka ipumzike.

Kosa moja limewatesa wengi. Namba ghafi za Sentinel-2 ni kiasi cha mwanga ulioakisiwa mara 10,000, na tangu Januari 2022 huongezwa 1000. Usipoitoa, kichaka chetu cha Machi kinasomeka 5000 na 1500, na kielezo kinashuka hadi 0.54. Soma kwanza maelezo ya faili, maana baadhi ya majukwaa ya mtandaoni yanayogawa picha hizi yameshaitoa hiyo 1000, na kuitoa mara mbili ni kosa jingine.

Futa mawingu pamoja na vivuli vyake. Ukienda uwandani kuhakiki, simama katikati ya uoto wa aina moja wenye upana usiopungua mita 30; ukisimama ukingoni, GPS ikikosea mita chache tu, utaandika kichaka juu ya pikseli ya shamba.