Sakafu ya bahari baada ya mchanga kuchimbwa: yasemwayo na yalivyo

Dhana: Bahari hujiponya yenyewe, mwaka mmoja unatosha.

Inategemea pamechimbwa wapi. Tope la kwenye midomo ya mito hupata viumbe wake tena ndani ya miezi 6 hadi 8, kwa kuwa wakazi wake ni minyoo midogo iliyozoea misukosuko na inayozaana upesi. Kwenye mchanga na changarawe hesabu ni miaka 2 hadi 3. Changarawe kubwa, yenye wanyama wanaoishi miaka mingi wakiwa wameng'ang'ania mawe, huweza kuhitaji miaka 5 hadi 10. Kuchimba mara moja na kuchimba mfululizo nako si mamoja. Kusini-mashariki mwa Uingereza kuna eneo lililochimbwa tangu 1971 hadi 1996. Sehemu zake zilizochimbwa zaidi zilikuwa bado hazijafanana na jirani zake miaka 4 baadaye.

Dhana: Viumbe wakionekana tena, pamepona.

Hii ndiyo inayopotosha zaidi, hata wenye taaluma. Dieppe, Ufaransa, palichimbwa changarawe hadi aina za viumbe zikapungua kwa asilimia 80. Miezi 16 baada ya uchimbaji kukoma, idadi ya aina ilikuwa imerudi yote. Lakini hata ilipofika miezi 28, wingi wa viumbe ulikuwa pungufu kwa asilimia 40 na uzito wao kwa asilimia 25, ukilinganisha na sehemu ambazo hazikuguswa. Tena waliorudi si wale wa mwanzo: changarawe ilikuwa imefunikwa na mchanga laini, wakaja wapenda mchanga laini. Mnyama anayehitaji jiwe la kujishikiza hana la kufanya hapo, hata mabuu yake yaletwe na mkondo kila msimu.

Kwa hiyo anayepima asihesabu aina peke yake. Chota sampuli kwa kifaa cha mita mraba 0.1, chekecha kwa chekeche la tundu za milimita 1, kisha hesabu na upime uzito. Pima pia ukubwa wa chembe za mchanga. Fanya hivyohivyo nje ya eneo, na uanze kabla meli ya kuchimba haijafika. Bila vipimo vya awali utabaki kubishana.

Dhana: Mashimo hufukiwa na mawimbi.

Meli inayochimba huku ikitembea huacha mifereji ya upana wa mita 2 hadi 3 na kina cha sentimita 20 hadi 50. Penye mkondo mkali hiyo hufutika. Meli inayotia nanga na kufyonza mahali pamoja huacha shimo la mita kadhaa, na humo maji hupunguza mwendo, tope laini likatua na kujaa. Shimo limefukiwa, ndiyo, ila kwa kitu kingine. Katika Bahari ya Wadden, Uholanzi, mashimo ya kwenye mikondo yalijaa kwa miaka 1 hadi 3. Yale ya kwenye fungu linaloachwa wazi na maji kupwa yalionekana hata baada ya miaka 15.

Dhana: Madhara huishia palipochimbwa.

La. Meli ikichekecha changarawe, mchanga usiotakiwa hurudishwa baharini na kutua mamia ya mita kufuata mkondo.

Dhana: Tutarudisha changarawe baadaye.

Uingereza wamejaribu kumwaga changarawe upya, na viumbe wa changarawe walikuja. Gharama ndiyo kikwazo. Nafuu ni kutoichimba yote: acha angalau nusu mita ya changarawe ileile juu ya tabaka la chini, na kati ya mifereji acha vipande visivyoguswa, maana wanyama wakubwa huhamia kutoka humo.