Tuta la reli lililonyamaza bado lina mwenyewe

Tangu treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, maswali yanayotufikia kuhusu reli za zamani yameongezeka, na malalamiko pia. Linalojirudia ni hili: ile njia iliyoota majani nyuma ya magodauni, kwa nini wananchi wasigawiwe? Wengi wanaouliza wanatafuta pa kuweka biashara ili watoto wale, nasi tunalielewa hilo. Jibu ni hapana. Nitaeleza kwa kirefu, maana jibu fupi limetolewa mara nyingi na halijasikika.

Kwanza tusahihishane. Reli ya geji ya mita, yaani ile ya zamani ambayo nafasi kati ya vyuma vyake viwili ni mita moja, iliyoanza kujengwa hapa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, haijafa. SGR haikuja kuizika; mizigo bado inapita juu yake. Kilichonyamaza ni baadhi ya njia za pembeni zilizokuwa zikiingia viwandani na kwenye magodauni. Na hizo ndizo tunazozitazama tunapozungumzia usafiri wa miaka ijayo, ikiwemo tramu, yaani treni nyepesi ya umeme inayopita katikati ya mji na kusimama kila baada ya mwendo mfupi. Sisemi tramu inakuja kesho. Nasema kwamba tukilipoteza tuta leo, hata hiyo kesho hatutakuwa na cha kujadili.

Tuta la reli si udongo mtupu. Treni haipandi mlima kama bodaboda, kwa hiyo waliolijenga walikata palipoinuka, wakajaza palipobonyea, wakaweka makaravati kwenye kila mkondo wa maji. Udongo ukashindiliwa kwa uzito wa mabehewa miaka na miaka. Juu ya yote, tuta limenyooka bila kukatika kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika jiji ambalo kila mita ya barabara mpya inadai kubomolewa kwa nyumba ya mtu, mstari mtupu wa namna hiyo haununuliki.

Niliwahi kutembea juu ya njia moja ya aina hiyo, na hatua mia mbili zilinitosha. Palikuwa na banda la chipsi ambalo nguzo zake zimechimbiwa katikati ya reli mbili, mafuta yamekolea hadi kwenye mataruma yanayobeba reli. Mbele kidogo kijana anachota kokoto kwa ndoo, akiniambia bila wasiwasi kwamba ni za kumalizia msingi. Halafu karavati, limezibwa kwa viroba vya mchanga ili mtu apate kiwanja upande wa pili. Mama mmoja aliyekaa karibu alinilalamikia kwamba mvua ikinyesha maji yanaingia hadi kitandani kwake, akauliza Serikali inafanya nini. Nilimwonyesha vile viroba. Alikuwa akivipita kila siku bila kujua kwamba chini yake kuna karavati.

Wenzetu wameyaonja haya. Dublin, mji mkuu wa Ireland, walifunga njia ya reli ya Harcourt Street mwishoni mwa 1958. Juni 2004 tramu ya Luas ilianza kupita kwenye sehemu kubwa ya njia ileile, kwa kuwa mstari wake ulikuwa bado upo. Lakini pale Dundrum daraja la zamani lilikuwa limeshaondolewa, ikabidi kujenga jipya kubwa linaloshikiliwa na nyaya. Manchester, Uingereza, nao walirudisha usafiri kitongoji cha Chorlton mwaka 2011 kwa tramu, juu ya njia ambayo kituo chake cha Chorlton kilifungwa 1967. Hapa kwetu, Zanzibar ilikuwa na treni ya kwenda Bububu tangu 1905, maili 7 hivi. Ilikoma katika miaka ya 1920, na leo abiria wa daladala ya Bububu hana cha kuonyeshwa.

Hoja ya kwamba geji ya mita ni nyembamba mno kwa tramu naomba tuiache. Zurich na Geneva wanaendesha tramu kwa geji hiyohiyo.

Hata hivyo, si kila tuta linafaa. Paris ina reli ya zamani inayozunguka mji, lakini tramu ya T3 iliyofunguliwa 2006 waliipitisha kwenye barabara kubwa za jirani, kwa kuwa huko ndiko watu walikokuwa. Nasi itatulazimu kujiuliza hivyohivyo: tuta linalopita nyuma ya kuta za viwanda litamfikishaje mtu Kariakoo? Uamuzi huo hufanywa baada ya upembuzi yakinifu, si kwa sababu banda limeshasimama.

Sasa utaratibu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua makundi matatu: ardhi ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Eneo la reli ni la hifadhi, liwe na treni au nyasi. Leseni ya makazi haikupi haki ndani yake. Barua ya mwenyekiti wa mtaa haikupi. Risiti ya ushuru wa soko haikupi. Na ile hoja ya "nimekaa zaidi ya miaka 12", ambayo hatujui nani anaisambaza, haikusaidii kitu dhidi ya ardhi ya hifadhi.

Mwenye umiliki halali nje ya mipaka ya eneo la reli, ambaye eneo lake litahitajika kwa mradi, ana haki zake kamili: thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, faida iliyopotea kwa miezi 36 ikiwa hesabu za biashara zimekaguliwa, na gharama ya kusafirisha mizigo yake, tani 12, ndani ya kilomita 20. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6, yanadai riba. Daftari la mauzo lililoandikwa usiku wa kuamkia siku ya mthamini halihesabiwi kuwa hesabu zilizokaguliwa.

Kung'oa mataruma, reli au vifungio vyake huweza kufunguliwa kama kesi ya uhujumu uchumi chini ya Sura ya 200, yaani Sheria ya Uhujumu Uchumi, ambako kifungo huanzia miaka 20. Anayenunua chuma hicho kama chakavu naye hayuko salama.

Kabla hujanunua kiwanja kinachogusa reli, iwe reli inatumika au la, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa yako ukiwa na jina la mtaa na, ukiwa nayo, namba ya kiwanja. Omba kuona ramani ya upimaji, kisha umlipe mpima aliyesajiliwa akuonyeshe mawe ya mipaka palepale uwanjani. Muuzaji akisema jiwe limefukiwa, usilipe hadi lifukuliwe.